Saraka nyingi za kazi (Git)

Saraka nyingi za kazi ni utaratibu wa Git, programu ya kutunza historia ya msimbo iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Humwezesha mtu kufungua matawi kadhaa ya mradi kwa wakati mmoja, kila tawi katika folda yake, ilhali hazina inabaki moja. Aliyezoea machimbo ya Nyarugusu mkoani Geita au Mwakitolyo mkoani Shinyanga hapati shida kuuelewa: leseni moja, maduara (mashimo ya kuchimbia) mengi, na kila duara lina watu wake.

Amri yake, git worktree, ilitoka na toleo la 2.5 mwezi Julai 2015. Kabla ya hapo ilikuwepo skripti ya git-new-workdir. Ilifanya kazi, ila Git yenyewe haikuzitambua folda zilizoundwa na skripti hiyo, na tawi liliweza kusogezwa katika folda moja bila nyingine kuwa na habari.

Tuseme fundi wa Kahama anaongeza kitu kwenye tawi kuu la DHIS2, mfumo wa takwimu unaotumiwa na Wizara ya Afya ya Tanzania, mara anaombwa kurekebisha toleo la 2.40. Akiandika git worktree add ../toleo-240 2.40, folda mpya inatokea pembeni na kazi ya kwanza haiguswi. Kama hazina yake tayari ina tawi hilo, hakuna kinachopakuliwa upya, na kwa anayetegemea bando la simu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Ndani ya folda mpya, .git si folda bali faili ya mstari mmoja inayoelekeza kwenye .git/worktrees ya hazina mama. Humo kila saraka hutunziwa HEAD (alama ya tawi lililofunguliwa) na index (orodha ya mabadiliko yaliyoandaliwa) yake. Matawi ni ya wote, na hata kilichowekwa kando kwa git stash huonekana kila mahali, jambo linaloshangaza wengi. Faili zisizotunzwa na Git, kama .env yenye nywila, haziji. Hunakiliwa kwa mkono.

Git hukataa kufungua tawi moja katika folda mbili, labda ilazimishwe. Folda ikifutwa kienyeji badala ya kwa git worktree remove, iliyoongezwa mwaka 2018, taarifa zake hubaki hadi zisafishwe kwa git worktree prune, au Git izifute yenyewe baada ya miezi 3. Folda iliyo kwenye flashi ifungwe kwanza kwa git worktree lock, maana flashi ikichomolewa Git huiona kama imefutwa.