Neno Sugu na Kile Kinachosugua

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyohama mbali na maana yake ya awali, neno sugu lastahili kuchunguzwa upya. Maana yake ya kwanza ni ngozi iliyofanyika ngumu kwa kusuguliwa mara kwa mara, na uhusiano wake na kitenzi sugua uko wazi kwa sikio la mzawa yeyote. Yafaa kuzingatiwa kwamba maana hiyo yadai vitu viwili: kinachosuguliwa na kinachosugua. Hakuna sugu iotayo yenyewe.

Huko Matulo, karibu na Webuye katika njia iendayo Bungoma, maana hiyo ingali hai. Mpini wa jembe huacha sugu chini ya vidole; kupukuchua mahindi huiacha kwenye kidole gumba; na tangu kiwanda cha Nzoia kilipoanza kutoa sukari mwaka 1978, panga la mkata miwa nalo limeongeza zake. Kabla ya hapo Wabukusu wengi walikwisha peleka mikono yao Kitale, katika mashamba ya walowezi, ambako tawi la reli lilifika mwaka 1926. Katika miaka hiyo kibarua alilazimika kuwa na kipande chenye alama za vidole vyake. Serikali ilisoma vidole, kiganja haikukisoma. Waislamu nao huliita sugu lile doa gumu la paji la uso litokanalo na kusujudu. Kotekote humo sugu ni ushahidi wa bidii, wala si lawama.

Lawama iliingia neno lilipowekwa nyuma ya nomino nyingine: ugonjwa sugu, mhalifu sugu, mdaiwa sugu. Wako wanaoliita kivumishi na kuishia hapo, nami naona wameharakisha. Kivumishi chenye asili ya Kibantu aghalabu hupokea kiambishi cha ngeli: mti mkavu, kiti kikavu. Hatusemi mtu msugu wala kidonda kisugu. Ni kweli kwamba safi na rahisi hayapokei kiambishi pia, lakini hayo yametoka katika Kiarabu, hali sugu lina kitenzi chake humu humu nyumbani. Jamaa zake wa karibu, kwa maoni yangu, ni askari kanzu na mbwa mwitu: nomino iliyoegemezwa nyuma ya nomino. Yaani ugonjwa sugu ni ugonjwa uliokuwa sugu. Ila katika muundo huo kinachosugua hutoweka. Tukisikia mdaiwa sugu twadhani ugumu ni tabia yake ya kuzaliwa, wala hatuulizi ni riba gani na mavuno gani mabaya yaliyomsugua.

La ajabu ni kwamba waliokirudisha kile kilichotoweka ni matabibu, pengine bila kukusudia. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 vimelea vya malaria visivyouawa na klorokwini vilianza kuonekana Afrika ya Mashariki, na Kenya ikaiacha dawa hiyo kama tiba ya kwanza mwaka 1998. Hali hiyo huitwa usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Hapa msuguaji yumo ndani ya kirai chenyewe: ni dawa, iliyotumika mno na mara nyingi isivyopasa, ikawaua vimelea dhaifu na kuwaachia uwanja wale wagumu. Bila shaka kimelea kimoja hakifanyi ngozi nene. Ni kizazi kizima kinachobadilika, na hapo mfano wa kiganja una mpaka wake.

Hata hivyo mfano huo wafika mbali kuliko wanavyodhani wanafunzi wetu, ambao wengi hufasiri sugu kuwa kisichotibika. Mkata miwa wa Matulo akiliweka panga chini kwa muda mrefu, kiganja chake hulainika. Malawi iliiacha klorokwini mwaka 1993; utafiti uliofanywa Blantyre na kuchapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba dawa hiyo ilikuwa imepata tena nguvu ya kuponya karibu kila mtoto aliyepewa.