Kizingiti cha Vita vya Mezani

Mwaka 1913 mwandishi wa Kiingereza, H. G. Wells, alichapisha kitabu Little Wars, chenye kanuni za kupiganisha askari wa sanamu. Kanuni zilikuwa chache. Majeshi yalikuwa tayari yamo sandukuni mwa watoto wa wenye uwezo. Kilichobaki ni kutafuta sakafu na mwenza wa kucheza naye.

Miaka 70 baadaye, mwaka 1983, ukatoka Uingereza mchezo wa Warhammer, kazi ya Bryan Ansell, Richard Halliwell na Rick Priestley. Huu ulileta mezani mazimwi, majoka, wachawi na mifupa itembeayo. Lakini Games Workshop, kampuni iliyouchapisha, riziki yake ilitoka katika kuuza visanamu, nazo kanuni zikawa ndiyo sababu ya kuvinunua.

Hapo ndipo ilipoota mizizi shida ya mchezo huu. Jeshi kamili lilitaka makumi ya visanamu, pengine zaidi ya mia, vilivyopangwa safu kwa safu. Kila kimoja kiungwe kwa gundi, kisha kipakwe rangi kwa brashi nyembamba. Kwa aliyekwisha kunogewa, kazi hiyo ni nusu ya starehe. Kwa mgeni ni miezi ya jasho na fedha kabla ya vita vya kwanza. Tena alihitaji mpinzani aliyetaabika vivyo hivyo, kwani jeshi lisilo adui ni pambo la kabati.

Toleo la nane, la mwaka 2010, likazipa nguvu zaidi safu pana na nene. Mkongwe alipata fahari ya kupanga kikosi kikubwa. Mgeni akaongezewa mzigo. Mwaka 2015 mchezo ukasitishwa, na mahali pake pakashikwa na Age of Sigmar, ambao kanuni zake za mwanzo zilikuwa kurasa 4 tu, zikatolewa bure.

Je, watu walikuwa wameuchoka ulimwengu ule wa mazimwi? La hasha! Mwaka 2016 ulitolewa katika kompyuta, kwa jina la Total War: Warhammer, ukapata mashabiki tele, kwani huko majeshi hayadai gundi wala rangi. Na mwaka 2024 kampuni yenyewe iliurudisha mezani kwa jina la The Old World.

Yapo yaliyotangulia kutufunza hayo. Mwaka 1971 Gary Gygax na Jeff Perren walitoa Chainmail, mchezo wa visanamu. Mwaka 1974 Gygax na Dave Arneson wakazaa kutokana nao Dungeons & Dragons, ambamo mchezaji huingia na shujaa mmoja, karatasi, kalamu na dadu; jeshi lake ni mawazo yake. Mtoto akampita mama kwa umaarufu.

Wala tusidhani kwamba ugumu ndio ufukuzao watu. Bao letu la kete 64 ni gumu, na bingwa wake huhesabu kama mwanahisabati. Lakini mwanagenzi hukaa barazani akatazama, akacheza kwa bao la jirani, akafungwa, akacheka, kesho akarudi. Hatozwi kitu mlangoni.

Nasi tutungao kwa vina na mizani tulitafakari hili. Kijana anayeamrishwa kuihifadhi arudhi yote kabla hajausikia utenzi ukighaniwa, tumemkabidhi visanamu mia visivyopakwa rangi, kisha twashangaa mbona harudi.