Mafuta ya Mwili Si Gunia: Historia ya Panya Wanene wa Bar Harbor

Tukizungumzia unenepeshaji wa ng'ombe, swali hili hujitokeza mara kwa mara: "Afisa, ng'ombe nikimwongezea pumba na mashudu ananenepa, nikimpunguzia anakonda. Mbona mimi nikipunguza ugali, nakonda mwezi mmoja halafu kitambi kinarudi?"

Ni swali zuri, na wanasayansi walihangaika nalo kwa zaidi ya miaka 40. Leo tutalijibu kwa kufuata historia yao, kwa sababu ukijua walichokigundua utawaangalia watu wanene kwa jicho jingine, na hutauziwa chupa ya uongo sokoni.

Mafuta kama ghala

Kila mfugaji anajua kuwa mafuta ni akiba. Kondoo mwenye mkia mnene anavuka kiangazi kwa mkia wake, na ngamia kwa nundu yake. Gramu moja ya mafuta inabeba kalori 9 hivi, wakati gramu moja ya wanga inabeba 4. Ndiyo maana mwili huweka akiba yake kubwa kwenye mafuta.

Kwa muda mrefu madaktari waliishia hapo. Waliyaona mafuta kama gunia lililowekwa pembeni: linajazwa, linapunguzwa, lenyewe halisemi kitu. Aliyenenepa alihesabiwa kuwa mlafi au mvivu, na dawa yake ikawa kuambiwa afunge mdomo.

Mwaka 1953 mtafiti wa Uingereza, Gordon Kennedy, alitoa wazo tofauti. Alisema huenda mafuta yenyewe yanapeleka ujumbe kwenye ubongo kueleza akiba imebaki kiasi gani, na ubongo unapandisha au kushusha hamu ya kula. Lakini ujumbe huo hakuna aliyekuwa ameuona.

Njaa ya Minnesota

Dalili ilikuwa imeshaonekana kwa binadamu. Mwaka 1944 na 1945, vita vikiendelea Ulaya, Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwachukua wanaume 36 waliojitolea, akawalisha chakula kidogo kwa wiki 24. Lengo lilikuwa kujifunza namna ya kuwahudumia watu waliokumbwa na njaa ya vita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao.

Miili yao ilianza kubana matumizi: mapigo ya moyo yalipungua, walihisi baridi, na usiku na mchana waliwaza chakula tu. Waliporuhusiwa kula watakavyo, walikula kupita kiasi, na mafuta yakarudi zaidi ya yale waliyokuwa nayo mwanzo. Mfugaji hashangai, kwani ng'ombe aliyekonda kiangazi akikutana na majani ya masika hula kwa pupa na kurudisha mwili haraka. Swali lilikuwa moja: ubongo unajuaje kuwa ghala limepungua?

Panya walioshonwa ubavuni

Jibu lilitoka kwa wafugaji, ila mifugo yao ilikuwa panya. Katika mji mdogo wa Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani, ipo Maabara ya Jackson inayofuga panya kwa ajili ya utafiti na kutunza koo zao kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 1949 alionekana pale panya aliyenenepa hadi kufikia karibu mara tatu ya uzito wa wenzake. Alikula bila kushiba. Tatizo lilikuwa la kurithi: wazazi wawili wembamba waliweza kuzaa mtoto mnene, ikiwa kila mmoja alibeba nakala moja ya jeni yenye kasoro. Aina hiyo ikaitwa ob. Mwaka 1966 ikapatikana aina nyingine, yenye unene pamoja na kisukari kikali. Hiyo ikaitwa db.

Douglas Coleman, mwanasayansi mzaliwa wa Kanada, aliamua kuwashona panya wawili wawili ubavuni ili damu ya mmoja ipite kidogo kwa mwenzake. Matokeo yalikuwa haya:

1. Alipomuunganisha db na panya wa kawaida, yule wa kawaida aliacha kula akafa kwa njaa.
2. Alipomuunganisha ob na panya wa kawaida, ob alipunguza kula na hakunenepa kama mwanzo.
3. Alipomuunganisha ob na db, ob aliacha kula akafa kwa njaa, huku db akiendelea kunenepa.

Tafakari kidogo. Damu ya db ilibeba kitu chenye nguvu kinachosema "tumeshiba", lakini yeye mwenyewe hakisikii. Ob anakisikia vizuri, ila hawezi kukitengeneza. Ni kama simu mbili mbovu: moja haipigi, nyingine haipokei. Coleman alifikia hitimisho hilo kufikia mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi wenzake wengi hawakumwamini. Waliendelea kuona unene kuwa ni tabia tu.

Leptini yapatikana

Mwaka 1986 Jeffrey Friedman wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, alianza kuitafuta jeni ya ob. Ilimchukua yeye na wenzake miaka minane, na Desemba 1994 waliitangaza katika jarida la Nature. Jeni hiyo hutengeneza homoni inayotoka kwenye seli za mafuta zenyewe. Homoni hiyo iliitwa leptini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "mwembamba". Lile gunia, kumbe, lilikuwa linazungumza muda wote.

Mwaka 1997 watafiti wa Cambridge, Uingereza, akiwemo Stephen O'Rahilly na Sadaf Farooqi, waliripoti juu ya watoto wawili, mtu na binamu yake, ambao miili yao haikutengeneza leptini. Msichana wa miaka 8 alikuwa na kilo 86, na mvulana wa miaka 2 alikuwa na kilo 29. Njaa yao haikukoma. Msichana alipoanza kuchomwa sindano za leptini, ndani ya mwaka mmoja alipungua kilo 16. Hakuwa mlafi, wala mama yake hakushindwa malezi. Ubongo wake ulikuwa unaambiwa kila siku kwamba anakufa njaa.

Dawa iliyoshindwa, na funzo lake

Baada ya ugunduzi huo, kampuni ya Amgen ililipa dola milioni 20 ili kupata haki ya kuitengeneza dawa. Watu walidhani unene umekwisha duniani. Haikuwa hivyo. Watu wengi wanene walipopimwa walikutwa na leptini nyingi tayari, kwa sababu wana mafuta mengi. Ubongo wao ulikuwa umezoea sauti hiyo. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 1999 yalionyesha kuwa kuwaongezea leptini kulisaidia wachache tu.

Hapo ndipo kazi kubwa ya leptini ilipoeleweka: ni mlinzi dhidi ya njaa zaidi kuliko mlinzi dhidi ya kitambi. Ukianza kukonda leptini inashuka, ubongo unapiga kengele, njaa inaongezeka na mwili unabana matumizi. Hata uzazi unaguswa. Panya wa ob walikuwa tasa. Mfugaji anajua ng'ombe aliyekonda sana haonyeshi dalili za joto. Mwili hauanzishi mimba wakati ghala ni tupu, na leptini ni mojawapo ya njia za kupeleka taarifa hiyo.

Lipo na funzo la pili. Wapo watu wachache wanaozaliwa karibu bila tishu ya mafuta. Ungedhani wana bahati, lakini hupata kisukari na mafuta kwenye ini, kwa kuwa mafuta ya chakula hayana mahali salama pa kukaa. Dawa ya leptini iliidhinishwa Marekani mwaka 2014 kwa ajili ya watu hao. Kwa hiyo mafuta si adui. Tatizo huja ghala linapojaa kupita kiasi na mafuta kumwagikia kwenye ini na viungo vingine.

Sasa jibu la swali letu

Ng'ombe wa zizini hukonda na kubaki amekonda kwa sababu ufunguo wa stoo ya chakula unao wewe. Yeye naye kengele inalia, ila hana la kufanya. Wewe una kengele na ufunguo pia. Kwa hiyo zingatia haya:

1. Usimcheke mtu mnene, wala mtoto mnene. Wawili wanaweza kula sahani moja, njaa zao zisilingane.
2. Kitambi kikirudi, usiseme huna nia. Jua mwili unapigana, na upange mlo utakaouweza miaka, siyo wiki mbili.
3. Huhitaji kukonda sana. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo 5 hadi 9 tu, sukari na shinikizo la damu huwa nafuu.
4. Pima kiuno kwa futi kamba. Mwanaume akizidi sentimita 94 na mwanamke 80, aende kituo cha afya apimwe sukari na shinikizo.
5. Endelea na jembe, kutembea na kazi za mwili. Zinasaidia sana kuzuia uzito usirudi.
6. Anayekuuzia dawa ya "kuyeyusha kitambi siku 7" muulize inazimaje kengele ya ubongo. Kampuni yenye mamilioni ya dola na maabara ilijaribu ikashindwa. Chupa isiyo na lebo haitaweza.

Kama una swali, liandike kwenye maoni hapo chini. Makala ijayo tunarudi zizini: namna ya kukagua hali ya mwili wa ng'ombe kabla kiangazi hakijaanza.