Bima ya afya ya kijana wako: angalia umri kabla ya kuangalia kadi

Wazazi wengi wanaokuja kliniki hapa Kalinzi wanajua kwamba mtoto mdogo hatozwi. Wachache wanajua msamaha huo unaisha lini, na hakuna anayekuja nyumbani kukukumbusha. Unagundua ukiwa dirishani, mtoto ana homa mgongoni, unaambiwa ulipie kipimo kwanza.

Kwa mujibu wa Sera ya Afya ya mwaka 2007, mtoto aliye chini ya miaka mitano anatibiwa bure katika vituo vya serikali. Mama mjamzito naye yumo kwenye msamaha huo. Siku mtoto anapotimiza miaka mitano, msamaha umekwisha. Kumbuka pia kwamba dawa ikikosekana kituoni ukaambiwa ununue duka la dawa, msamaha haukufuati huko. Na hospitali binafsi au ya dini ina utaratibu wake, kwa hiyo uliza kabla ya kumwandikisha mgonjwa.

Kuanzia hapo familia nyingi za wakulima huku kwetu hutegemea CHF iliyoboreshwa. Ilipoanza mwaka 2018, kiwango kwa mikoa kama Kigoma kilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita: mwenye kadi, mwenza wake na wategemezi wanne. Viwango hubadilika, hivyo muulize mwandikishaji wa kijiji chako cha mwaka huu ni kipi. Kadi hii inaanzia zahanati, inapanda kituo cha afya na hospitali ya wilaya, na ukiwa na barua ya rufaa inakufikisha hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Maweni. Ukiruka zahanati ukaenda moja kwa moja Maweni bila barua, na si dharura, usishangae ukiambiwa ulipe.

Sasa hesabu ya wanne. Nyumba zetu nyingi zina watoto sita, saba, na mpwa mmoja juu yake. Nani aandikwe? Nimeona mama akiwaandika wadogo wote kwanza kwa sababu ndio wanaougua malaria kila mara, na wakubwa wakaachwa. Lakini aliye chini ya miaka mitano tayari ana msamaha kwenye vituo vya serikali. Kama nafasi hazitoshi, anza na waliovuka mitano, na mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu kama selimundu, pumu au kifafa asikose. Wanaobaki wanahitaji kadi nyingine. Usimpeleke mtoto kwa kadi ya ndugu yake. Kadi ina picha, na mbaya zaidi ni kwamba maelezo ya ugonjwa wa mmoja yataandikwa kwa jina la mwingine. Kesho daktari atamtibu kwa historia isiyo yake.

Mzazi aliyeajiriwa serikalini, mwalimu kwa mfano, yuko Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF). Yeye hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 3. Huko nako ni mwenza na wategemezi wanne. Tofauti kubwa ni kwamba, kwa rufaa, kadi hiyo inaweza kufika hospitali ya kanda kama Bugando, Mwanza.

Umri unaoniumiza kichwa ni ule wa baada ya shule. Mtoto akifika miaka 18, mambo mawili hutokea pamoja. Kwanza, mfuko unaweza kuuliza kama bado anasoma. Andaa barua ya shule au chuo kabla hujaombwa. Pili, sasa ni mtu mzima na anatakiwa kuwa na namba yake ya NIDA. Sisi tulio karibu na mpaka wa Burundi maswali huwa mengi wakati wa kujiandikisha, kwa hiyo cheti cha kuzaliwa kitafute angali mdogo, usisubiri mtu augue. Akivuka 21, kadi ya mzazi haimhesabu tena hata kama bado analala nyumbani kwako na anakula chungu kimoja nanyi.

Na ndio umri anaoanza kuendesha bodaboda. Niliwahi kumpokea kijana wa miaka 22 aliyeanguka kwenye mteremko wa barabara ya Manyovu, mfupa wa paja umevunjika. Mama yake alikuja na kadi ya CHF ya familia, ameifunga vizuri kwenye kitambaa, imelipiwa, haijaisha muda. Jina la kijana halikuwemo. Walikuwa wamemwondoa mwaka ule ili aingie mdogo wake. Waliuza sehemu ya shamba la kahawa. Kijana anatembea, ila kwa kuchechemea, maana walichelewa siku kadhaa wakitafuta pesa.

Aliyeko chuo mara nyingi hukatiwa bima ya NHIF pamoja na ada. Kwa miaka mingi kiwango cha wanafunzi kimekuwa 50,400 kwa mwaka. Muulize mwanao kama amepewa namba yake, wengine wanalipa na hawajui. Aliyeko mtaani ajiunge na CHF kwa jina lake, na akioa, yeye ndiye mkuu wa kaya.

Toto Afya Kadi wengi wananiuliza. Ilikuwa 50,400 kwa mtoto mmoja aliye chini ya miaka 18. Machi 2023 NHIF ilisitisha kusajili mtoto mmoja mmoja, ikaelekeza watoto wapitie shuleni au vifurushi vya familia. Sababu iliyotolewa ni kwamba wazazi walikuwa wakiwakatia watoto ambao tayari ni wagonjwa, na mfuko ukaelemewa. Mzazi simlaumu, lakini hesabu ndivyo ilivyo: bima huishi kwa michango ya wazima. Kabla hujapanga bajeti, ulizia ofisi ya NHIF Kigoma mjini utaratibu wa sasa.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023, na ndani yake wasio na uwezo wanatakiwa kugharamiwa. Kama kaya yako iko TASAF au hali ni ngumu kweli, mwone mtendaji wa kijiji uandikwe mapema.

Hata bila kadi, kijana hatakiwi kulipia chanjo, ikiwemo ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, dawa za kifua kikuu na za VVU, wala uzazi wa mpango katika kituo cha serikali. Binti akipata ujauzito, kliniki ni bure, na asifichwe nyumbani kwa kuogopa gharama.

Kadi mpya huwa na siku za kusubiri kabla ya kuanza kufanya kazi. Kahawa ikilipwa, toa ya bima siku hiyohiyo, kabla ya bati na kabla ya simu. Nenda na cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, na umwambie mwandikishaji akusomee majina yote aliyoandika kabla hujaondoka.