Kufuli Lililokuja kwa Posta

Ndugu msomaji, kabla sijaingia kwenye historia yenyewe, naomba nikusimulie yaliyonikuta, maana bila hayo nisingejishughulisha hata kidogo na mambo ya mwaka 1989.

Ilikuwa Jumapili ya mwezi Machi 2016, nyumbani kwetu Sinza, Dar es Salaam. Mdogo wangu alipata barua pepe iliyosema ndani yake mna ankara. Hatukuwa na deni kwa mtu, lakini neno ankara lina ubaya wake: usipoifungua hulali. Akabofya aone tunadaiwa nini. Hakuona kitu, akaenda zake mpirani. Jioni nilipokaa niandike, nikakuta kila faili limeota mkia, neno “micro” mwishoni mwa jina. Nikibofya, halifunguki. Katikati ya kioo palikuwa na tangazo la Kimombo: mafaili yako yamefungwa, ukitaka ufunguo lipa dola 500 kwa Bitcoin, ukichelewa bei inapanda mara mbili.

Dola 500! Kompyuta yenyewe, ukiipeleka sokoni, isingefika hata robo yake.

Humo ndani mlikuwa na hadithi zangu fupi 11. Hizo ningeweza kulia kidogo nikanyamaza. Kilichoniuma ni kurasa 64 za Babu. Babu yangu mzaa mama alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga tangu ujana wake. Likizo mbili mfululizo nilikaa naye kibarazani, yeye anasimulia, mimi naandika daftarini: nyimbo za wakatamkonge, majina ya wenzake, nani alikimbia kambi na nani alirudi. Akafariki mwaka 2015. Na yale madaftari? Nilipomaliza kuyachapa nilimpa jirani yetu muuza karanga. Akafungia karanga. Niliona ya nini tena, si yamo kwenye kompyuta?

Kesho yake nikaipeleka mashine kwa fundi. Akaitazama, akatikisa kichwa. “Dada, hii haifunguki. Hapa tusafishe diski yote, tupige window upya. La sivyo itarudi tena.”

Nilikuwa sijalala. Nikamwambia, “Piga.”

Neno moja tu. Jioni nikarudi nyumbani na kompyuta nyepesi, safi, haina kitu. Mama akauliza, “Na yale ya babu yako?” Sikumjibu.

Tarehe 18 Mei mwaka huohuo, miezi miwili baadaye, ikatoka habari. Wale waliotengeneza programu iliyonifunga, ambayo wataalamu waliita TeslaCrypt, walikuwa wamefunga duka lao. Mtafiti wa kampuni ya ESET akawaomba ufunguo mkuu. Wakautoa hadharani, na neno la kuomba radhi juu yake! Ikatengenezwa programu ya kufungulia, bure. Aliyekuwa bado na mafaili yake yaliyofungwa aliyafungua. Mimi nilikuwa sina cha kufungua. Wezi walifunga, aliyefuta ni mimi.

Hapo ndipo nikaanza kusoma. Nilitaka kujua jambo moja tu: je, mimi ndiye mjinga wa kwanza?

Basi sikiliza. Desemba 1989, watu wa nchi mbalimbali walianza kupokea bahasha zilizotumwa kwa posta kutoka London. Ndani mlikuwa na disketi, zile pana za inchi 5.25 zinazopinda kama karatasi ngumu, pamoja na maelezo. Disketi ilijitambulisha kuwa ina habari kuhusu UKIMWI. Zilisambazwa kama 20,000 hivi. Anwani za wapokeaji zilitokana na orodha ya wasomaji wa gazeti la kompyuta la Uingereza, PC Business World, na ya watu waliohudhuria mkutano wa kimataifa wa UKIMWI uliofanyika Stockholm mwaka 1988.

Fikiria ule wakati. Ugonjwa unaua, tiba ya maana hakuna, kila mtu anatafuta habari. Nani angeitupa disketi ile?

Ukiitia kwenye mashine ilikuuliza maswali kuhusu mwenendo wako, kisha ikakupimia hatari uliyo nayo. Kazi hiyo iliifanya kweli. Lakini kwa siri ilikuwa imejichimbia ndani, ikawa inahesabu mara ngapi unawasha kompyuta. Hesabu ilipofika kama 90, majina ya mafaili yakavurugwa, mengi yakafichwa, na kioo kikasema umefika wakati wa kulipa. Ukaambiwa uwashe printa. Printa ikachapa nini? Ankara! Dola 189 kwa matumizi 365, au dola 378 kwa maisha yote ya diski yako, zitumwe kwenye sanduku la posta nchini Panama kwa kampuni iliyojiita PC Cyborg. Na tarehe 20 ya mwezi uleule majeshi ya Marekani yakaivamia Panama, kwa hiyo hata mwenye moyo wa kulipa alikuwa anatuma pesa zake vitani.

Cha ajabu ni kwamba ile karatasi ya maelezo ilikuwa imeonya. Kwa maandishi madogo ilisema anayeitumia disketi ana wajibu wa kulipa, na asipolipa mashine yake itaharibikiwa. Nani anasoma maandishi madogo? Hata mimi nabonyeza “nakubali” kila siku bila kujua nimekubali nini.

Aliyekuja kushtakiwa kwa mambo haya ni Dk. Joseph Popp, Mmarekani, mtaalamu wa biolojia aliyesomea Harvard. Na hapa ndipo niliposhtuka. Mtu huyu alikuwa ameishi jirani zetu tu, Kenya, akichunguza maisha ya nyani, na baadaye akajihusisha na shughuli za UKIMWI hukuhuku Afrika Mashariki. Mwishoni mwa 1989 alikuwa akirudi kwao kutoka Nairobi, akafanya kituko katika uwanja wa ndege wa Schiphol, Amsterdam: aliandika kwenye mzigo wa abiria mwingine kwamba Dk. Popp ametiliwa sumu. Polisi walipompekua wakakuta mhuri wa PC Cyborg. Mwanzoni mwa 1990 akakamatwa Ohio, kisha akapelekwa Uingereza kujibu mashtaka ya kudai fedha kwa vitisho. Upande wake ulidai kuwa fedha hizo zilikusudiwa kusaidia utafiti wa UKIMWI. Novemba 1991 jaji akaamua kwamba hali ya akili yake haimruhusu kusimama kizimbani. Kesi ikaishia hapo, bila hukumu.

Magazeti ya Ulaya yalipenda sana vituko vya Popp. Mimi kilichonikamata ni kingine. Mtaalamu mmoja Mwingereza, Jim Bates, aliifungua ile programu akaichunguza sehemu kwa sehemu. Akagundua nini? Kwamba yaliyomo kwenye mafaili hayakuguswa kabisa. Yaliyovurugwa yalikuwa majina tu, na kwa mpango uleule kwa kila mashine. Ni kama mtu aingie maktaba usiku, abandue majalada ya vitabu vyote, halafu akudai pesa kwa madai kuwa amevichoma. Bates akatengeneza programu mbili, AIDSOUT ya kung'oa uchafu na CLEARAID ya kurudisha majina. Zikatolewa bure.

Lakini kuna waliokuwa wameshachelewa. Kwa hofu walikuwa wamefuta diski zao zote. Huko Italia iliripotiwa kuwa taasisi moja ilipoteza kazi ya miaka 10. Disketi haikuwafanyia hivyo. Walijifanyia wenyewe.

Niliposoma hapo niliinuka nikaenda kunywa maji. Ndiye mimi yule. Miaka kama 26 kabla ya fundi wangu, kuna mtu alisema “piga”, naye akarudi nyumbani na mashine safi.

Sitaki nikudanganye, ndugu msomaji, kwamba kila kufuli ni la uongo. Mwaka 1996 wataalamu wawili, Adam Young na Moti Yung, waliandika makala kueleza jinsi mhalifu anavyoweza kutumia funguo mbili: ufunguo wa kufungia unakaa ndani ya kirusi, na wa kufungulia anabaki nao mwenyewe, mbali. Hapo huwezi kuchambua programu kama Bates ukaupata ufunguo, maana haumo. Walikuwa wanatahadharisha. Kilichokuwa bado kuwasumbua wezi ni namna ya kupokea fedha bila kukamatwa, kwani sanduku la posta lina mwenyewe. Bitcoin ilipoanza mwaka 2009, tatizo hilo likapungua. Septemba 2013 ikaja CryptoLocker, iliyounganisha mambo yote mawili, ikavamia kompyuta za majumbani na maofisini. Mwaka 2014 polisi wa nchi kadhaa wakauvunja mtandao wake, na Agosti ya mwaka huo kampuni mbili za usalama zikatoa funguo bure. Tena wale waliokuwa wametunza mafaili yao yaliyofungwa ndio waliofaidi.

Kuna na matapeli wa rejareja. Mnamo 2012 zilienea programu zilizoziba kioo chote kwa tangazo lenye nembo ya polisi, likisema umeonekana ukitazama mambo machafu, lipa faini. Mafaili hayakuwa na shida yoyote. Walitegemea aibu tu, kwamba hutathubutu kumwita mtu akusaidie.

Na Mei 2017 ikaja WannaCry, ikaingia mamia ya maelfu ya kompyuta duniani kwa siku chache na kuvuruga hospitali za Uingereza. Ilidai dola 300, na tangazo lake lilikuwa katika lugha 28. Kiswahili hakimo. Sisi tunaolalamika kwamba hatuchapishwi kwa lugha yetu, hata wezi hawakututafsiria! Walioumia zaidi walikuwa hawajaweka rekebisho ambalo Microsoft ilikuwa imelitoa bure miezi miwili kabla, Machi. Na kulipa hakukuwa na uhakika wa kurudishiwa chochote.

Sasa nini cha kufanya? Yaliyonigharimu mimi nakupa bure. Ukiona tangazo la namna hiyo, chomoa intaneti, chomoa na flashi. Usilipe kwa pupa. Mwambie mtu, usione haya. Halafu, kabla ya kupiga window, iondoe ile diski uitie bahasha, uandike tarehe, uiweke kabatini. Nunua nyingine, au azima. Tangu Julai 2016 polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wameendesha mpango uitwao No More Ransom, unaokusanya funguo zilizopatikana na kuzitoa bila malipo. Huenda kufuli lako halimo leo, likawamo mwakani. Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo Tanzania tangu 2015, ni kweli, lakini mwenye kufuli hakai Sinza.

Zaidi ya yote, weka nakala ya pili mahali pasipoungana na kompyuta. Sisi waandishi chipukizi tuna mchezo mbaya: tunajivunia muswada uliomo kwenye mashine moja, kama mtu aliyehifadhi mbegu zote kwenye kibuyu kimoja. Chapa kwenye karatasi. Na madaftari usimpe muuza karanga.

Mimi nilinunua daftari jipya la kurasa 96. Kila Jumapili nakaa na Mama, tunakumbushana: Babu alisemaje kuhusu yule msimamizi, ule wimbo ulianzaje, kambi iliitwa nani. Mpaka sasa tumefikisha kurasa 23. Kuna majina hatuyakumbuki, nimeyaachia nafasi wazi. Daftari lina nakala mbili za kivuli, moja iko kwa shangazi yangu Korogwe, nyingine sikwambii iko wapi.

Wiki iliyopita mdogo wangu aliniita, “Dada, kuna barua pepe imekuja, inasema ina ankara.” Nikamuuliza tunadaiwa na nani. Akafikiri kidogo, akasema, “Hakuna.” Akaifuta.