Historia ya Picha za Vyombo Vyetu



Tumefikisha miaka kumi. Habari za hisa na mikopo mweka hazina amekwisha zieleza. Sisi tunaeleza hizi picha, maana wengi mmeuliza: kikundi cha kuweka na kukopa, na picha za kata na kawa, wapi na wapi?

Hapa Muheza jambo hili si geni. Kule Amani, milimani, Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902. Franz Stuhlmann, aliyewahi kuwa mkuu wake, hakuangalia miche tu. Mwaka 1910 alitoa kitabu kule Hamburg juu ya kazi za mikono za Afrika Mashariki, na picha ndani yake. Lakini ni cha Kijerumani. Bibi zetu waliosuka vitu hivyo hawakukisoma, na sisi vilevile.

Kilichotusukuma ni msiba. Mwenzetu mmoja alikuwa fundi wa vifumbu vya kuchujia tui. Alipofariki tukataka kuendeleza biashara yake, tukakaa na ukindu mchana kutwa, hata kuanza kitako tukashindwa! Kifumbu tumekishika jikoni tangu utoto, kumbe hatujapata kukitazama.

Tukapendekeza tununue karatasi na rangi za maji kwa fedha za mfuko wa jamii. Ugomvi ukazuka. Mama mmoja akasema, "Watu wana marejesho, nyie mnanunua rangi za watoto?" Hakukosea, mwaka ule machungwa yalikuwa hayana bei. Mwishowe tukachanga pembeni, sanduku hatukuligusa.

Mchoraji ni mjukuu wa mwenzetu, kijana wa sekondari. Alianza na mbuzi. Bibi mmoja akaitazama picha akacheka, "Huyu hajakuna nazi huyu!" Meno yalikuwa yameelekea chini. Ikabidi akune nazi mbili kwanza, ndipo akachora tena. Kawa alilipatia mara moja, hadi mistari myekundu ya ukili inahesabika.

Kifumbu kilichochorwa ukurasa wa mwisho ni cha marehemu mwenyewe, binti yake ametuazima. Kijana alitaka kuziba pale palipotoboka, tukamkataza. Kwenye tundu lile ndipo nyuzi zinapoonekana zinavyopishana, na wawili wetu wamekwisha anza kujaribu.