Baraza la Wasomaji wa Oxford na Habari za Ahera

Watu wa pwani wamezoea kusoma kwa sikio. Utenzi ulitungwa ili usomwe kwa sauti mbele ya watu, na aliyepotewa na ubeti aliweza kumwuliza jirani yake. Kwa hiyo mtu aliyelelewa katika desturi hiyo hastaajabu sana asikiapo kwamba waalimu kadha wa Chuo Kikuu cha Oxford, katika Uingereza, walikuwa wakikutana usiku mmoja katika kila juma kusomeana maandishi yao na kuyahukumu. Listaajabishalo ni jambo jingine. Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili watu watatu wa baraza hilo, kila mmoja kwa njia yake, walitoa hadithi ya watu waliokwisha kufa, nao wakauliza maisha ya watu hao yalikuwa ya nini. Hadithi zote tatu zilianza kuwafikia wasomaji katika muda mfupi, mwisho wa mwaka wa 1944 na mwanzo wa mwaka wa 1945.

Nilivutwa na habari hii kwa sababu ya karibu. Mwaka jana waalimu sita tulikubaliana kusoma pamoja mojawapo ya hadithi hizo, sura moja kwa juma. Mmoja wetu ni mzee ambaye amekusanya maneno ya lahaja ya kwao kwa zaidi ya miaka ishirini, akiyaandika katika vipande vya karatasi na kuyapanga katika makasha, wala hajapata kuyachapisha. Tulipomaliza sura ya kwanza alituuliza: Je, huko mbinguni kamusi itahitajiwa? Tulicheka. Yeye hakucheka.

Baraza la Oxford liliitwa Inklings. Jina hilo walilirithi kwa chama cha wanafunzi kilichokufa katika miaka ya mwanzo ya 1930, nalo lina mzaha ndani yake: ni mawazo yaliyodokezwa nusu, na kwa kuwa neno la wino kwa Kiingereza limo mwanzoni mwake, laweza kufahamika pia kuwa ni vitoto vya wino. Hapakuwa na mwenyekiti, wala ada, wala daftari la kumbukumbu. Walikutana Alhamisi usiku katika vyumba vya C. S. Lewis katika koleji ya Magdalen, na mara nyingi Jumanne kabla ya chakula cha mchana katika kilabu cha pombe kilichoitwa Eagle and Child. Lewis alizaliwa Belfast mwaka wa 1898, naye alikuwa mwalimu wa fasihi ya Kiingereza. Ndugu yake Warren, askari aliyestaafu, ndiye aliyetengeneza chai. Alikuwako tabibu mmoja, na mwanasheria aliyefika kwa nadra kutoka London. Wanawake hawakuwamo. Dorothy Sayers, mwandishi hodari ambaye alikuwa rafiki wa Lewis, hakuwa mmoja wao, na kwa maoni yangu hasara ilikuwa ya baraza.

Kwa mwanafunzi wa lugha, mtu wa kutazamwa zaidi ni J. R. R. Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka wa 1892. Kabla ya kuwa profesa wa Kiingereza cha kale alifanya kazi, mwaka wa 1919 na 1920, katika kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, akachunguza asili ya maneno yaanzayo na herufi W. Mwaka wa 1926 alianzisha kundi la waalimu waliosoma hadithi za kale za Iceland katika lugha yake yenyewe, kila mtu akifasiri papo hapo kadiri ya uwezo wake. Lewis aliingia katika kundi hilo, na urafiki wao ulikua hapo.

Hata hivyo yatupasa kurudi nyuma zaidi, maana baraza la kwanza la Tolkien halikuwa hilo. Alipokuwa shuleni Birmingham alikuwa na marafiki watatu ambao alisomeana nao mashairi, nao waliamini kwamba wamekusudiwa kufanya jambo kubwa duniani. Vita Kuu ya Kwanza ikaja. Rob Gilson aliuawa tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme. G. B. Smith alikufa kwa majeraha mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Kabla ya kufa Smith alikuwa amemwandikia Tolkien kwamba ikiwa yeye ataangamia, basi atakayebaki na aseme yale ambayo yeye alijaribu kuyasema na hakuwahi. Barua kama hiyo ni deni. Lewis naye alijeruhiwa katika Ufaransa mwaka wa 1918. Kwa hiyo wazee hawa walipoketi tena katika giza la vita vya pili na kuzungumza habari za ahera, hawakuwa wakicheza na maneno.

Hadithi tuliyoisoma sisi ni ya Lewis, The Great Divorce. Aliisoma mbele ya wenzake mwaka wa 1944, na Tolkien alimpa habari zake kwa barua mwanawe Christopher, ambaye wakati huo alikuwa Afrika Kusini akijifunza urubani. Ilitolewa kwanza katika gazeti la Kanisa la Kiingereza, kipande kwa kipande, kisha ikawa kitabu. Msimuliaji anajikuta katika mji wa kijivu ambamo mvua hainyamazi na jioni haiishi. Watu wake hugombana, kisha huhama kwenda mbali zaidi na jirani zao, hata mji umetanuka kupita kiasi. Katika mji huo lipo basi, na yeyote apendaye huweza kulipanda akafika penye ukingo wa mbinguni. Huko abiria wanaonekana kama moshi. Majani hayainami chini ya nyayo zao, bali huwachoma kwa ugumu wake, kwa sababu nchi ile ni ya kweli kuliko wao. Kila mmoja anapokewa na mtu aliyemjua duniani, akasihiwa abaki. Karibu wote wanarudi mjini kwa hiari yao.

Hapa nitatoka njiani kidogo. Tulipokuwa tukisoma tulijaribu kuwapa abiria hao jina la Kiswahili, na jioni nzima ilipotea katika jambo hilo, ingawa sijutii. Mzimu haukufaa, maana mzimu una heshima yake, na watu huupelekea sadaka. Mzuka hutokea ghafula ukatisha, na maskini hawa hawamtishi mtu. Pepo lina mambo mengi mno ndani yake, kuanzia upepo hata mashetani wa ngoma, na tena peponi ndipo wanapokataa kukaa. Tulikubaliana juu ya vivuli. Ama kuhusu mahali penyewe, Mkristo katika baraza letu alisema mbinguni na Mwislamu alisema peponi, lakini neno lililotufaa sote lilikuwa ahera, ambalo kwa asili yake ya Kiarabu ni ile ya mwisho tu, wala halisemi kama ni ya raha au ya adhabu. Hadithi ya Lewis imesimama katika wasiwasi huo huo, kwa kuwa mji wa kijivu ni jehanamu kwa anayekaa na ni njia tu kwa anayeondoka.

Kati ya vivuli wanaorudi wawili walituhusu sana. Wa kwanza ni mchoraji. Rafiki yake anamkumbusha kwamba alianza kuchora kwa sababu ya kupenda nuru, kisha akapenda kuchora kuliko nuru, na mwisho akapenda jina lake. Alipoambiwa kwamba duniani amekwisha kusahauliwa, alikimbilia basi ili aende kuitetea sifa yake. Wa pili ni askofu, mtu mpole na msomi. Anaalikwa aje amwone Mungu uso kwa uso. Anashukuru kwa adabu, lakini anasema hawezi kukaa, maana huko mjini wanacho chama kidogo cha kujadili mambo ya dini, naye ameahidi kukisomea makala Ijumaa. Anaondoka akiimba kwa furaha.

Kichekesho hicho kina makali. Lewis alikuwa akikisoma mbele ya watu walioacha nyumba zao gizani ili kuja kusikiliza makala. Aliona kwamba hata mazungumzo ya mbinguni yaweza kuwa kiti cha starehe ambacho mtu hataki kukiinukia.

Hadithi ya pili ni ya Charles Williams. Mtu huyu hakuwa na shahada ya kusomea. Alikuwa mhariri katika matbaa ya Chuo Kikuu cha Oxford huko London, akaja Oxford mwaka wa 1939 ofisi yake ilipohamishwa kwa sababu ya vita, na mwaka wa 1943 chuo kikampa shahada ya heshima. Riwaya yake, All Hallows' Eve, aliwasomea wenzake sura kwa sura kadiri alivyoiandika. Inaanza na mwanamke aliyesimama juu ya daraja la Westminster katika London iliyo tupu, asijue bado kwamba amekwisha kufa. Siipendi sana, uchawi umezidi ndani yake. Ila mwanzo huo sijaona mfano wake.

Riwaya ilitoka mapema mwaka wa 1945. Vita vya Ulaya vilikwisha mwezi wa Mei, na muda mfupi baadaye Williams aliugua. Jumanne, tarehe 15 Mei, Lewis alikwenda hospitali akiwa na kitabu cha kumwazima, akaambiwa kwamba amekufa. Siku hiyo ilikuwa siku ya kukutana. Lewis akatoka hospitali, akatembea dakika chache mpaka kilabuni ambako wengine walikuwa wakingoja, akawapa habari. Watu walioandika kwa ujasiri juu ya wafu sasa walikuwa na wafu wao. Mwaka wa 1947 walitoa kitabu cha insha kwa kumbukumbu yake, na katika dibaji Lewis ndiye aliyeisimulia siku hiyo.

Hadithi ya tatu ni fupi, nayo ndiyo iliyomjibu mzee wetu. Tolkien alikuwa ameiandika miaka kadha nyuma, akaitoa Januari 1945 katika jarida la Dublin Review. Niggle ni mchoraji mdogo ambaye anajua kwamba hana budi kufunga safari, lakini hataki. Amekazana na picha ya mti, na kwa kuwa yeye ni fundi wa majani kuliko miti, picha inakua na haiishi. Kila mara jirani yake, mtu kiguru aitwaye Parish, anakuja na haja zake, na Niggle anamtumikia huku akinung'unika. Siku ya safari inafika, na picha bado. Anapelekwa mahali pa kazi ngumu, na baada ya muda mrefu anatolewa na kupelekwa katika nchi ya wazi. Huko anauona mti wake, mzima na hai, pamoja na majani ambayo hakuwahi kuyachora. Jirani naye anafika, maana bustani ile haiwezi kukamilika pasipo yeye. Duniani lilibaki jani moja tu katika kipande cha kitambaa. Liliwekwa katika jumba la makumbusho, jumba likaungua, na jina la Niggle likasahauliwa kabisa.

Tazama jinsi waandishi hawa wawili walivyoachana. Mchoraji wa Lewis ameipoteza mbingu kwa sababu ya kazi yake; mchoraji wa Tolkien ameikuta kazi yake mbinguni. Wengine watasema ni fundisho moja lililogeuzwa upande, kwa kuwa Niggle hakupenda sifa. Mimi sioni hivyo. Lewis alimwogopea mtu asije akaipenda kazi kupita kiasi, na Tolkien, aliyekuwa na deni la marafiki wawili na kitabu kisichokwisha mezani pake, alitumaini kwamba kilichopendwa hivyo hakipotei. The Lord of the Rings kilitoka hatimaye mwaka wa 1954 na 1955. Hadithi zake za kale zaidi, alizozianza wakati wa vita vya kwanza, hakuzimaliza. Alikufa mwaka wa 1973, na mwanawe Christopher ndiye aliyezitoa mwaka wa 1977.

Katika taaluma yetu mambo kama haya si mageni. Krapf alikufa Novemba 1881 na kamusi yake ya Kiswahili ikatoka mwaka wa 1882. Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka wa 1930, alikufa mwaka wa 1937, na kamusi sanifu alizozishughulikia zikachapwa mwaka wa 1939. Shaaban Robert alifariki mwaka wa 1962. Utubora Mkulima kilitoka mwaka wa 1968. Mzee wetu alizijua tarehe hizi kuliko sisi. Nilipomsimulia habari za Niggle aliuliza jambo moja tu: yule jirani kiguru, kwa nini alitangulia kuwekwa katika bustani kabla ya sifa ya mchoraji kukumbukwa? Juma lililofuata alileta kasha moja la karatasi zake, herufi M, akamkabidhi kijana wa mwisho katika kundi letu, ambaye kwa miezi mingi alikuwa akimwomba ayatazame maneno hayo na kukataliwa.

Sura ya askofu tuliisoma siku hiyo hiyo. Msomaji alipofika penye makala ya Ijumaa palikuwa kimya kidogo, kisha mtu mmoja akauliza ni zamu ya nani kusoma Ijumaa ijayo.